Jinsi ya kuomba kibali cha kupanua maegesho bila kuangusha mwembe wako: Mtwara na Lindi

Mwenye hoteli, ghala au duka la vifaa hapa Mtwara hukumbushwa udogo wa uwanja wake korosho zinapoanza kuingia. Ikifika Oktoba malori yanasogea hadi barabarani, wateja wanapaki juu ya maua, na lawama zote anabebeshwa mwembe wa katikati. "Fundi, huu ukitoka tunapata gari sita." Nimeambiwa hivyo mara nyingi. Siku hizi natoa futi kamba kwanza, majibu baadaye.

Kabla ya fomu yoyote, chora uwanja ulivyo leo. Gari dogo linatosha kwenye mita 2.5 kwa 5, na nyuma yake inahitajika njia ya mita 6 ili litoke bila kuhangaika. Safu mbili zikitazamana na kutumia njia moja, unahitaji upana wa mita 16. Kila safu ukiipa njia yake, unafika mita 22. Hapo ndipo nafasi inapopotelea, wala si kwenye mti. Kwenye nyumba moja ya wageni upande wa Shangani tulichora mistari ya chokaa tu, jioni hiyohiyo zikaingia gari nne zaidi ya kawaida.

Sasa pima miti. Zungusha futi kamba kwenye shina usawa wa kifua, gawa kwa 3.14, upate kipenyo. Zidisha kipenyo hicho kwa 12: huo ndio umbali kutoka kwenye shina ambao mizizi inahitaji kuachwa salama. Mwembe wenye mzingo wa sentimita 190 una kipenyo cha kama sentimita 60, kwa hiyo duara lake linafika mita 7 na kitu kila upande. Mteja akisikia hivyo anashika kichwa, maana ni eneo la gari nane. Lakini kinachozuiwa ndani ya duara ni kuchimba na kushindilia, kukaa hakuna tabu. Mizizi mingi inayolisha mti iko juujuu, ndani ya sentimita 60 za kwanza. Greda likikwangua hapo mara moja, mti unaweza kukauka miaka miwili mitatu baadaye na kila mtu akadhani ni ugonjwa. Pawekee pikipiki, bajaji na benchi za madereva. Kwanza ndiko waliko tayari.

Nyaraka ni zilezile za kibali chochote cha ujenzi: hati ya kiwanja au barua ya toleo, risiti ya kodi ya pango la ardhi ya mwaka huu, ramani ya kiwanja, na michoro. Angalia matumizi yaliyoandikwa kwenye hati. Ikiwa kiwanja ni cha makazi na wewe unafanya biashara, malizana kwanza na kubadili matumizi, la sivyo utazunguka bure. Pitia pia kwa mtendaji wa mtaa, asije akasikia habari za ujenzi kutoka kwa jirani yako.

Kwenye mchoro onyesha kila mti: aina, kipenyo, duara la mizizi, na kama unabaki au unaondoka. Hapa naongea kwa aibu kidogo. Mchoro wangu wa kwanza wa pakingi niliupeleka bila mti hata mmoja. Afisa alipofika kukagua akatazama juu, akaona mwarobaini na mivinje miwili, akanirudishia makaratasi bila maneno mengi. Onyesha pia maji yatakwenda wapi. Lindi mvua inashuka na maji ya vilimani, na uwanja uliosakafiwa wote utayasukuma yote kwa wa chini yako.

Maombi yanakwenda halmashauri, Manispaa ya Mtwara-Mikindani au ya Lindi, kitengo cha mipango miji. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka kibali kabla ya kuendeleza ardhi, si baada. Unaweza kuombea kwenye Tausi, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Malipo ni kwa kontroo namba tu, usimpe mtu hela mkononi. Ukigusa mlango wa kuingilia barabarani, barabara za mtaa ni za TARURA na barabara kuu ni za TANROADS, kwa hiyo wapelekee barua yao. Miti iliyo nje ya mpaka wako, hata ikikuletea kivuli dukani, si yako kukata.

Kuna mti ambao kweli hauwezi kubaki, umeoza katikati au umeegemea nyaya. Andika barua ya pekee kwa mkurugenzi ukiambatanisha picha, eleza sababu, na taja utapanda nini na wapi badala yake. Afisa misitu wa halmashauri atakuja kuutazama. Msumeno usiwashwe kabla hajarudisha jibu la maandishi, na magogo yasipakiwe kwenye gari bila kibali cha kuyasafirisha; kwenye vizuizi vya TFS, wakala wa misitu wa serikali, hawasikilizi hadithi.

Kibali kikitoka, siku ya kwanza kabisa zungushia duara la mti uzio wa mirunda na mabati chakavu, kabla kijiko, mashine ya kuchimba, hakijashushwa. Mafundi wanapenda sana kumwaga mchanga na saruji kivulini. Mwambie msimamizi mbele ya vibarua kwamba hapo haingii kitu, na ujitahidi kazi ya udongo iishe kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijaanza. Nafasi za magari ya wageni zichore nje ya matawi: Novemba embe zinaanguka, na kioo cha mbele mwenye gari atakudai wewe.