Somo: Lami ya uani na ya maegesho, kuanzia udongo hadi matunzo

Wakuu, habari za jioni. Kila masika ikiisha maswali huwa yale yale: "Niliweka lami mwaka juzi, sasa imebomoka, fundi kanipiga?" Mara nyingi amekupiga kweli, ila hakukupiga kwenye lami, amekupiga chini yake. Lami ya uani ni ngozi tu ya sentimita 5. Anayebeba gari ni moramu (udongo mgumu wenye changarawe) na kokoto zilizoshindiliwa, na muuaji wa vyote hivyo ni maji. Mifano yangu mingi ni ya Dar na Pwani kwa sababu ndiko niliko, wa mikoani mtanisahihisha pale udongo wenu unapotofautiana na wetu.

Msimu kwanza. Kwa huku kwetu panga kazi kati ya Juni na Septemba, baada ya masika na kabla ya vuli. Na ukipokea makadirio ya bei, usikubali karatasi iliyoandikwa "kuweka lami, mita za mraba kadhaa" basi. Dai unene wa kila tabaka, na uandikwe ni unene baada ya kushindilia. Lami iliyotandazwa sentimita 5 ikipitiwa na rola inabaki kama 4. Hapo ndipo watu wanapoliwa hela mchana kweupe.

Hatua ya 1: Maji yaende wapi?
Simama getini mvua ikinyesha, au mwaga ndoo kadhaa uone. Uwanja uwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita 1, ukielekea kwenye mtaro au bustani, usielekee msingi wa nyumba. Mteremko huo unaanza kwenye udongo na kufuatwa na kila tabaka juu yake. Anayesema "tutaurekebisha kwenye lami" anakuandalia madimbwi, kwa sababu atalazimika kuweka lami nene huku na nyembamba kule. Ikiwa geti liko chini kuliko barabara ya mtaa, weka kalavati au mtaro wenye wavu mbele ya geti kabla hujanunua hata tipa moja la kokoto.

Hatua ya 2: Kuchimba
Toa udongo wote wa juu wenye mizizi, majani na takataka. Kwa uwanja wa magari madogo unachimba kama sentimita 30 hadi 35 ili upate nafasi ya matabaka yote. Visiki ving'olewe na mizizi yake, kisiki kikioza chini ya lami panatitia. Mabomba ya maji na nyaya za umeme zipite sasa ndani ya mabomba ya plastiki, na weka bomba moja la ziada tupu. Utalishukuru siku ukitaka kuvuta waya wa kamera.

Mchanga wa Dar unashindilika vizuri ukiwa na unyevu wa kutosha, na kipimo cha mkono ni hiki: chukua konzi ya udongo, ifinye, fungua kiganja. Ikibaki donge, na ukiligusa kwa kidole likapasuka vipande viwili vitatu, unyevu umefika. Ikimwagika kama unga, mwagia maji. Ikikuachia tope mkononi, acha jua lifanye kazi yake mpaka kesho.

Hatua ya 3: Moramu, kisha kokoto
Hapa ndipo hela yako inapotakiwa kwenda. Moramu sentimita 15, halafu juu yake kokoto za kusagwa zilizochanganyika saizi zote pamoja na vumbi lake, sentimita 10 hadi 15. Usinunue kokoto za saizi moja zile za zege, hazifungamani. Maegesho yanayoingiwa na fuso au gari la maji taka yaongezewe, kokoto zifike sentimita 20.

Shindilia kwa matabaka. Rola ya kutetemesha inamudu sentimita 15 kwa mara moja, ila ile mashine ndogo ya sahani ya kusukuma kwa mkono usiipe zaidi ya 10. Fundi akimwaga sentimita 30 halafu akapitisha mashine juu, juu patakuwa pagumu kama saruji na chini patabaki vile vile.

Kipimo changu ninachokiamini kuliko maneno ya mtu yeyote: chukua tipa lililojaa, lipite polepole uwanja mzima, wewe tembea pembeni ukiangalia matairi ya nyuma. Ardhi ikibonyea na kurudi tairi likipita, pale pana tope au pana shimo lililofukiwa. Chimba, toa, jaza upya. Usione haya kumsimamisha fundi hapo, gharama ya kurudia leo ni ya tipa moja na vibarua wawili.

Kingo za zege ziwekwe sasa hivi, kabla ya lami. Lami isiyo na kingo huanza kumeguka pembeni, na gari likikanyaga ukingo mara kadhaa panabaki meno.

Hatua ya 4: Praimu
Fagia vumbi lote mpaka kokoto zionekane, nyunyiza maji kidogo tu, kisha mwagia praimu, yaani lami nyepesi inayonywewa na kokoto ili lami ya juu ishike, kama lita 1 kwa mita ya mraba. Iachwe siku moja hadi mbili inywewe. Ikibaki madimbwi, nyunyizia mchanga. Kuna wajanja wanamwaga oili chafu ya gereji wakikwambia "kazi ni ile ile". Oili inalainisha lami, haiigandishi. Ukinusa harufu ya gereji saitini kwako, fukuza mtu.

Hatua ya 5: Siku ya lami
Siku hii inakwenda mbio. Lami ya moto, ikiwa tayari imechanganywa na kokoto, hutoka kiwandani ikiwa na nyuzi joto kama 150 hadi 160 na lazima iwe imeshindiliwa kabla haijashuka chini ya nyuzi 80 hivi. Kwa hiyo foleni ya Dar ni sehemu ya hesabu yako: agiza ifike asubuhi na mapema, na tipa lifunikwe turubai. Likifika, panda uangalie. Moshi wa bluu maana yake imeungua, imepikwa kupita kiasi. Ikiwa na mabonge magumu na rangi imefifia, imepoa. Zote mbili zirudishwe, ugomvi wa dakika 10 ni nafuu.

Tandaza sentimita 6 na zaidi kidogo ili ubaki na 5. Kwa koleo na reki inawezekana kwenye uwanja mdogo, ila usiruhusu vibarua waitupe lami hewani kwa mbali, kokoto kubwa zinajitenga na ndogo na utaona mabaka yenye matundu. Rola ianze upande wa chini wa mteremko ikipanda kwenda juu, kila njia ipande kidogo juu ya ile iliyotangulia. Ngoma ya rola ilowanishwe maji, kamwe isiwe dizeli. Pembezoni na kwenye kona rola haifiki, pitisha mashine ya sahani wakati bado kuna joto.

Hatua ya 6: Kungoja
Gari lisiingie angalau siku moja, mbili au tatu ni bora zaidi jua likiwa kali. Miezi ya mwanzo usizungushe usukani gari likiwa limesimama, tairi linachubua. Na bodaboda: ile stendi ya pembeni inazama kwenye lami mchana wa Februari kama nini. Weka vipande vya ubao getini, mwambie mlinzi awape.

Matunzo
Lami kugeuka kijivu si ugonjwa, ni jua. Kinachotakiwa kukusumbua ni nyufa, kwa sababu ufa ni mlango wa maji. Kabla ya masika na kabla ya vuli zungukia uwanja: zibua mitaro, ng'oa majani yaliyoota, safisha nyufa kwa brashi ya waya na upepo, zikauke, ujaze lami tupu iliyoyeyushwa au lami ya maji (lami iliyochanganywa na maji, hutumika bila kuchemshwa), kisha unyunyizie mchanga. Dizeli au oili ikimwagika, tupia mchanga au pumba za mbao mara moja, zoa, osha kwa sabuni. Ukiiacha wiki, lami pale inakuwa laini mpaka unaichota kwa kidole.

Shimo halijazwi kwa kifusi. Kata kwa mraba mpaka ufike kwenye lami nzima, toa kilichooza mpaka chini, paka lami ya maji kuta zote. Ikipakwa ni ya kahawia. Subiri igeuke nyeusi ndipo ujaze, ukishindilia kila sentimita 5, na umalizie juu kidogo ya usawa maana magari yatashusha. Na ukiona nyufa zimesukana kama magamba ya mamba, usihangaike na kuziba juu, hapo matabaka ya chini yamekufa. Chimba.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kigamboni: Mkuu, ahsante kwa darasa. Uwanja wangu ni mita 12 kwa 5. Nahitaji lami tani ngapi?
Jibu: Mita za mraba 60 mara 0.05 ni mita za ujazo 3. Lami iliyoshindiliwa ni kama tani 2.4 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo tani 7.2, ongeza kidogo ya kupotea, sema 7.6. Tatizo lako si tani, ni kwamba mzigo mdogo unapoa upesi na usafiri ni ule ule. Tafuta jirani mwenye shida kama yako mwagize siku moja. Ukimkosa, kwa eneo hilo mimi ningeweka pevingi, yale matofali ya zege ya kupanga.

Mwanachama, Dodoma: Kaka, kwetu udongo ni mweusi wa mbuga, kiangazi unapasuka mguu unaingia. Lami itakaa?
Jibu: Itakaa ukiutoa. Ukiwa wa kina kifupi, umalize wote. Ukiwa mrefu, toa angalau sentimita 60 ujaze kifusi kizuri, na chini ya hapo ubaki na unyevu usiobadilika: mitaro iwe mbali na ukingo, usimwagilie bustani iliyoshikana na lami. Udongo huo huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, na lami haina nguvu ya kushindana nao. Bajeti ikibana, pevingi unaweza kuing'oa, ukasawazisha, ukaipanga tena.

Mwanachama, Tegeta: Kokoto za Kunduchi ni bei rahisi kuliko za Lugoba. Naweza kutumia?
Jibu: Chini, kwenye tabaka la moramu, sina ugomvi nawe. Ndani ya lami yenyewe hapana. Za Kunduchi ni mawe ya matumbawe, laini, zinasagika chini ya tairi na zinanywa lami nyingi. Lugoba ni mawe magumu.

Mwanachama, Mbagala: Nina zege la zamani lenye nyufa. Nipige lami juu?
Jibu: Unaweza, ila kila ufa na kila ungio la zege litajitokeza kwenye lami baada ya muda. Vipande vinavyocheza ukivikanyaga, vunja kwanza. Na pima geti, utapandisha uwanja sentimita 5, lisije likagoma kufunguka.

Mwanachama, Bagamoyo: Shikamoo fundi. Kuna vijana wanataka kuchemsha lami ya pipa hapa kwangu kwa kuni, wachanganye na kokoto. Nina wajukuu wadogo hapa.
Jibu: Marahaba mama. Usikubali. Pipa la wazi halina kipimo cha joto, lami inaungua bila wao kujua, na tone la maji likiingia inafoka na kuruka. Wanunue lami baridi ya mifuko kama ni viraka tu. Wakishikilia, watoto wasiwepo kabisa, na pawe na maji mengi karibu. Ikimrukia mtu, mmwagie maji ya kawaida yanayotiririka dakika 20 au zaidi, msiibandue lami kwenye ngozi, msipake dawa ya meno wala mafuta, mumpeleke hospitali ikiwa imeganda hivyo hivyo.