Kuchora Majengo ya Mji Mkongwe kwa Dakika 40

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye dakika 40 tu katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, pengine akisubiri boti ya kwenda Dar es Salaam, na anayetaka kuondoka na mchoro mmoja uliokamilika. Nimeuandika baada ya kumsaidia mwanafunzi wa usanifu majengo ambaye mezani alichora vizuri, lakini mtaani kila mchoro wake ulimfia kwenye mlango, kwa kuwa alianza na nakshi.

Hatua ya 1: Vifaa

Chukua daftari la A5 lenye jalada gumu, biki nyeusi na penseli ya kupimia. Raba ibaki nyumbani, kwa sababu anayefuta huanza kusahihisha badala ya kutazama. Rangi za maji sizipendekezi kwa muda huu mfupi. Hewa ya pwani ina unyevu, na karatasi huchelewa kukauka.

Hatua ya 2: Mahali

Chagua jengo moja, au sehemu yake tu. Dispensari ya Zamani iliyopo Mizingani, ambayo ujenzi wake ulianzishwa na mfanyabiashara Tharia Topan na kukamilika mwaka 1894, inafaa alasiri, jua linapoziangaza roshani zake za mbao. Ukitaka kukaa kwenye baraza ya nyumba ya mtu, toa salamu na uombe ruhusa kabla ya kufungua daftari.

Hatua ya 3: Usawa wa macho

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Chora mstari mmoja mwepesi wa mlalo kuvuka karatasi nzima; huo ndio usawa wa macho yako. Kingo za mapaa na za roshani, ambazo ziko juu ya usawa huo, huonekana zikiteremka kuuelekea kadiri jengo linavyokwenda mbali nawe, ilhali ukingo wa baraza, ulio chini yake, huonekana ukipanda.

Kwa kawaida hufundishwa kwamba mistari hiyo hukutana kwenye nukta moja, jambo ambalo ni kweli kwa barabara iliyonyooka. Vichochoro vya Mji Mkongwe havikunyooka: nyumba moja imegeukia kushoto kidogo, ya pili imerudi kulia, na kwa hiyo kila ukuta una nukta yake, ingawa nukta zote hubaki juu ya mstari uleule wa usawa wa macho. Mwanafunzi wangu alikuwa akizivuta nyumba zote kwenye nukta moja, na kichochoro kikatoka kimenyooka kama reli.

Namna ya kuupata usawa huo hutegemea mkao wako. Ukiwa umesimama mahali tambarare, tazama wapita njia wenye kimo chako: macho ya walio karibu na ya walio mbali huangukia mstari mmoja. Ukiwa umekaa, njia hiyo haifai. Linyanyue daftari likiwa limelala mbele ya uso wako mpaka usione upande wake wa juu wala wa chini, bali ukingo peke yake, kisha angalia ukingo huo unakata wapi kwenye ukuta. Tahadhari ni kwamba ukianza umekaa sharti umalize umekaa. Ukiinuka kumpisha mwenye mkokoteni, rudi palepale, kwa sababu kimo kikibadilika, mstari wa roshani unaouchora sasa hautaafikiana na ule uliouchora mwanzo.

Hatua ya 4: Umbo kubwa

Nyoosha mkono kabisa, fumba jicho moja, kisha pima upana wa mlango kwa penseli na uone unaingia mara ngapi katika kimo cha jengo. Chora mzingo wa nje, halafu mafungu ya ghorofa.

Hatua ya 5: Vivuli

Weka mipaka ya vivuli vyote kwa mkupuo mmoja, na usivifuate vinaposogea. Kuta za hapa ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake mara nyingi hufikia nusu mita, hivyo madirisha huketi ndani sana. Ukanda mweusi chini ya kizingiti cha juu, na mwingine mwembamba upande usio na jua, huonyesha unene huo bila wewe kuchora hata ubao mmoja wa dirisha.

Hatua ya 6: Nakshi

Sasa ndipo mlango unapopata zamu yake. Chora kwa ukamilifu kipande kimoja tu, kwa mfano mfaa, yaani ule mhimili wa katikati, pamoja na misumari michache ya shaba iliyo kando yake; kwingineko acha mistari ilegee kisha ikatike. Zikibaki dakika 2, andika pembeni jina la mtaa na saa, kisha ufunge daftari hata kama ubao mmoja bado ni mweupe.