Bajeti ya mfumo wa tahadhari: anza na betri

Ukikabidhiwa kazi ya kukadiria gharama ya kuboresha mfumo wa tahadhari za dharura wa taifa, usianze na bei ya programu. Mimi nilianza nayo, na jedwali langu likapita bila swali. Miaka miwili baadaye nikafungua kabati la betri kwenye kituo kimoja cha kurushia matangazo: zimevimba, vichwa vimeota ukungu wa kijani. Fedha za kuzibadilisha hazikuwamo popote.

Siku hizi kila kifaa nakipa safu mbili: ya kukinunua, na ya kukiweka hai kwa miaka kumi. Betri, dizeli ya jenereta, leseni, fundi wa kupanda mnara. Safu ya pili ndiyo inayotisha.

Halafu amua simu utazifikiaje. SMS hutumwa namba kwa namba, na mtandao ukielemewa zinapanga foleni. Utangazaji wa minara hurusha ujumbe mmoja ukapokewa na simu zilizo eneo hilo zenye uwezo huo, bila kujua namba ya mtu. Uholanzi wanautumia tangu 2012. Uingereza waliujaribu nchi nzima tarehe 23 Aprili 2023. Ila kila kampuni ya simu lazima isimike mtambo wake, kwa hiyo kubalianeni nani analipa kabla ya kutangaza zabuni. Fungu la redio usiliguse: mnara wa simu ukizimika, redio ndizo zinazobaki.

Kwenye zabuni yenyewe, dai kila kifaa kisome CAP, muundo wa wazi unaowezesha ujumbe mmoja kwenda redioni, kwenye televisheni, ving'ora na simu. Bila hilo umejifunga kwa muuzaji mmoja, na bei ya matengenezo ataipanga yeye.

Mafunzo ndiyo fungu linalofyekwa kwanza. Nikiombwa nilipunguze, nawakumbusha Hawaii, 13 Januari 2018: tahadhari ya kombora ilitoka kimakosa wakati wa zoezi, na watu wakakaa dakika 38 kabla ya kupata kanusho kwenye simu zao. Hapakuwa na ujumbe wa kufuta ulioandaliwa. Mistari miwili tu! Ninyi iandikeni mapema, muijaribu kila zoezi, na saa za watumishi wa zamu mziingize kwenye bajeti. Siku hiyohiyo ya zoezi, mtu afungue na kabati la betri.