Tope la Mto Athi Huanzia Ukingoni mwa Shamba: Namna ya Kulizuia

Mto Nairobi huchipuka kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ukakatiza jijini na kumwaga maji yake katika Athi. Athi ukikutana na Tsavo huitwa Galana, kisha Sabaki, hadi baharini kaskazini ya Malindi. Mto ni mmoja, ila makazi ya viumbe ndani yake hayafanani.

Juu, penye kivuli, maji ni baridi na mawe ni masafi. Mara tu ukingo unapolimwa, tope hujaza nafasi kati ya mawe, na humo ndimo wadudu wa maji hujificha na baadhi ya samaki hutaga. Jijini huongezeka maji taka: bakteria huyala na kumaliza oksijeni. Maporomoko ya Fourteen Falls huyachanganya maji na hewa, oksijeni ikapanda tena, lakini mbolea na metali nzito haziondoki kwa kuporomoka. Chini zaidi, Ukambani, udongo usio na mimea huoshwa na mvua za kwanza, na uchimbaji wa mchanga hubomoa kingo. Mto Tsavo huleta maji maangavu ya chemchemi za Mzima, na bado Sabaki hufika Malindi ukiwa na rangi ya udongo na kuyafunika matumbawe.

Jiji lina deni lake la maji taka, na ni deni kubwa. Ila tope hili ni udongo wa juu wa mashamba, ule wenye rutuba, na mwenye shamba la Kikuyu au Machakos anaweza kuuzuia msimu huu huu.

Anza kwa kupima. Kanuni za maji hutaka ukingo usiolimwa wa mita 6 hadi 30, kutegemea upana wa mto. Pima kutoka alama ya mafuriko makubwa, si kutoka maji ya Januari. Hapo ndipo wengi hukosea, na mvua za Aprili huondoka na sukuma wiki yote. Sehemu iliyo karibu na maji iachie miti ya kienyeji na vichaka, usipalilie. Mikaratusi iondoe kidogo kidogo: hunywa maji mengi, na chini yake udongo hubaki mtupu. Ukiikata, acha visiki na mizizi ishike ukingo mpaka miche mipya ikomae, ila chipukizi ziondoe kila zinapotoka.

Upande wa shamba panda ukanda wa nyasi. Vetiva ipandwe kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15, mstari ukifuata kontua, yaani ukikata mteremko kwa kimo kile kile. Pengo moja la hatua mbili linatosha kuharibu kazi yote: maji hukusanyika hapo, yakachimba korongo. Jaza mapengo kabla mvua haijakolea. Nepia nayo inafaa na ng'ombe watashiba, ila ivune nusu kwa nusu, isibaki wazi yote kwa wakati mmoja.

Juu ya ukanda, kwenye mteremko, chimba fanya juu: mtaro wa sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, udongo ukitupwa upande wa juu. Bila matuta hayo, nyasi za ukingoni hulemewa kwa tope.

Ng'ombe wanyweshwe kwenye birika, kwa kuwa kwato hubomoa ukingo haraka kuliko jembe. Samadi na maganda ya kahawa yakae mbali na maji, na bomba la kunyunyizia dawa lisioshwe mtoni.

Kagua kabla na baada ya mvua. Geuza mawe kumi mahali penye maji ya kasi. Ukiona vijidudu vyenye mikia mitatu myembamba na matamvua ubavuni, oksijeni ipo. Ukikuta funza wekundu peke yao, panda na mto hadi uone bomba au boma linalomwaga uchafu, kwa sababu hapo tatizo si tope tena.