Rangi asili ya gari la zamani

Kabla ya kuigusa rangi asili, yaani ile gari lilitoka nayo kiwandani, jaribu kusugua kwa kitambaa cheupe mahali pasipoonekana, mfano ndani ya fremu ya mlango. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, usishtuke: hakuna vanishi (tabaka angavu la kulinda) juu ya rangi hiyo, kwa hiyo kila unaposugua unaipunguza. Osha kwa shampuu ya magari isiyo kali, kausha, kisha paka nta tabaka jembamba. Dawa ya kung'arisha yenye chembechembe iache kabisa, maana kwenye kingo za boneti rangi ni nyembamba na chuma hutokeza upesi. Kutu ya juujuu ipake mafuta mepesi, pangusa yote, ndipo nta ifuate. Na vanishi mpya? Hapana. Hunasa unyevu, kutu huendelea chini yake, na ikibanduka hung'oka na rangi asili.