Namna ya kuisikiliza Getz/Gilberto bila kusinzia

Kwanza zima sabufa. Najua huku Kirumba, Mwanza, sabufa ndo redio yenyewe, ila mimi mara ya kwanza niliweka hii albamu ya jazi laini ya Kibrazili na besi imepanda mpaka mwisho kama naweka singeli, ikawa inavuma tu na jamaa ananong'ona huko kwa mbali, jirani akachungulia akaniuliza we vipi, redio imekufa? Nikaiacha karibu miaka miwili.

Tafuta iafoni, hata za elfu tano zinatosha. Ishushe kabisa kwenye simu kwa bando la usiku maana ikikwama katikati utamu umeisha, halafu nenda Capri Point jioni jua likiwa linaingia ziwani, au kama huna nauli basi kaa kitandani alfajiri kabla bodaboda hazijaanza. Nyimbo ziko 8, dakika 34 hivi, huchelewi popote.

Historia kidogo tu: walirekodi New York siku mbili, tarehe 18 na 19 Machi 1963, ikatoka 1964, mwaka uliofuata ikabeba Grammy ya albamu ya mwaka. Stan Getz ni Mmarekani wa jazi, anapuliza saksafoni. João Gilberto ni Mbrazili, gitaa na sauti, na kwenye piano yupo Antônio Carlos Jobim ambaye nyimbo 6 kati ya hizo 8 katunga yeye.

Sasa, mzunguko wa kwanza sikiliza gitaa peke yake, vingine vyote jifanye havipo. Sisi tuliolelewa na dansi tumezoea mmoja apige solo, mwingine ridhim, mwingine besi, huyu João ridhim na besi kazibeba kwenye mkono mmoja. Gumba linagonga nyuzi nene taratibu, du, du, kama ile ngoma kubwa ya samba, na vidole vingine vinachopoa kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa juu ila haviendi na gumba, vinawahi au vinachelewa makusudi. Jaribu mwenyewe, mguu upige chini sawasawa halafu vidole vigonge paja kwa kupishana, dakika moja tu utachanganyikiwa, na yeye hapo hapo anaimba.

Mzunguko wa pili ndo sauti. Havuti, hapigi kelele, haitetemeshi. Anaachia gitaa litangulie kidogo halafu anaingia, kama konda anavyoiacha daladala iondoke kwanza ndo adandie mlangoni bila hata kukimbia. Wimbo wa Desafinado unafaa sana kwa hili, jina lenyewe maana yake ni aliyetoka nje ya sauti, mtu anajitetea kwa mpenzi wake anayemwambia hajui kuimba, na melodi imepindishwa kweli, inatua pale usipotegemea.

Saksafoni iache mwisho, itajileta yenyewe. Tamu, hata pumzi zake unazisikia, ila kuna sehemu mi naona Getz anajaa mno, mashabiki wa Getz mnisamehe.

Angalizo moja, The Girl from Ipanema ukikuta haifiki dakika tatu hiyo ni ile ya singo, iliyotolewa peke yake nje ya albamu, wamemkata João na Kireno chake chote. Ya kwenye albamu inapita dakika tano, anaanza yeye ndo anafuata Astrud, mkewe wa wakati huo, ambaye wala hakuwa mwimbaji wa kazi.

Mimi naipenda zaidi Corcovado. Mtu kakaa na gitaa lake, dirishani anauona mlima wa Rio wenye sanamu ya Yesu, basi, na sisi tunaoamka tunatazamana na mawe tunamwelewa. Juzi nilimpa yule jirani iafoni moja aisikie, akatulia, akaniuliza huyu anaimba au anaongea na mkewe? Nikamwambia, kwenye huu mkewe ndo huyo aliyeanza kuimba.