Kubisha: namna ya kuupanda upepo kwa tanga

Kwetu Kilwa, ukisikia jahazi linabisha unajua upepo unatoka omo, yaani mbele ya chombo. Huku Tukuyu, vijana ninaowafundisha hudhani ni kubisha hodi au kubishana maneno. Basi huwauliza: nani amepita Kitonga? Lori halipandi mlima ule kwa kunyoosha. Linakata kona kulia, kushoto, hadi linafika juu. Chombo cha tanga nacho hakiwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka, kwa hiyo kinakwenda mshazari upande huu, kisha upande ule. Huko ndiko kubisha.

Pa kujifunzia ni Matema, ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Upepo wa kusini, ambao Wamalawi huuita mwera, unakuja umelifuata ziwa na kukupiga usoni pale ufukweni. Kutoka kwa tanga ni lazima ubishe. Vaa jaketi la kuokolea kabla hujagusa kamba.

Hatua ya 1. Funga uzi wa sufu mlingotini ujue upepo unatoka wapi. Usiyaamini mawimbi peke yake, kwani upepo hugeuka yakabaki yanakuja kama mwanzo.

Hatua ya 2. Shika maneno mawili. Goshi ni pembe ya chini ya mbele ya tanga. Upande wa goshini ndiko upepo unakotoka. Demani ni kamba ya pembe ya nyuma, na upande wa demani ndiko upepo unakoelekea.

Hatua ya 3. Hapa hutumia siku nzima. Kaza demani, weka omo kiasi cha nyuzi 60 kutoka kwenye upepo, kisha isogeze polepole kuelekea upepo unakotoka huku ukitazama ukingo wa mbele wa tanga. Ukianza kupepea, umezidisha; rudisha omo kidogo hadi tanga lijae. Chombo hubisha katika mpaka huo mwembamba. Wengi huponzwa na tamaa: wanalenga juu mno, chombo kinasimama, maji yanakirudisha. Tena usijaribu kwa mtumbwi wa gogo. Tanga linausukuma ubavu, na bila mkuku, yaani uti wa chini ya chombo, wa kuzuia, mtumbwi unateleza kando.

Hatua ya 4. Geuza. Kwenye tanga la foromali, yaani boriti inayobeba tanga, hatupitishi omo upeponi, maana tanga litabanwa na mlingoti. Legeza demani, zungusha chombo tezi, yaani nyuma yake, ipite upeponi, hamisha foromali na tanga upande wa pili wa mlingoti, kaza tena. Kila ukigeuza unapoteza sehemu ya ulichopata, kwa hiyo mikato michache mirefu inalipa kuliko mingi mifupi.

Baada ya mikato minne tazama nyuma. Ikiwa miti ya ufukweni haijapungua ukubwa, rudi hatua ya 3 na uache tanga lijae zaidi.